Jinsi ya kuonja mvinyo mweupe wa Burgundy uliokaa miaka, na kujua kama umekomaa au umeharibika

Chukua chupa mbili za mvinyo mmoja: shamba moja, mavuno ya mwaka mmoja, kasha moja. Zikifunguliwa baada ya miaka kumi, ya kwanza inanukia lozi zilizokaangwa, asali na ganda la limau. Ya pili ina rangi ya kahawia na harufu ya tufaha lililopondeka. Hali hii imekuwa ikiwakuta wanywaji wa mvinyo mweupe wa Burgundy tangu mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, na haichagui chupa rahisi wala ya bei kubwa. Kwa hiyo anayetaka kuonja mvinyo huu ukiwa na umri ajifunze kwanza kutenganisha ukomavu na uharibifu wa hewa. Mambo hayo mawili yana rangi zinazokaribiana na harufu zinazokaribiana, na watu wengi husifu chupa iliyokufa kwa kudhani ndivyo uzee unavyonukia. Mwongozo huu umepangwa kuzunguka tofauti hiyo.

Kilichomo ndani ya chupa

Burgundy iko mashariki ya Ufaransa, na mvinyo wake mweupe unaofaa kuwekwa hutokana na zabibu za Chardonnay. Kaskazini kuna Chablis, penye udongo wa mfinyanzi na chokaa uliojaa visukuku vya chaza wadogo. Chini yake kuna mteremko wa Côte de Beaune: kusini ya mji wa Beaune viko vijiji vya Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Kaskazini ya mji huohuo kuna kilima cha Corton, kinakotoka Corton-Charlemagne. Kusini zaidi ni Mâconnais, nyumbani kwa Pouilly-Fuissé. Kila kipande cha shamba kina jina na mpaka wake, na wenyeji wanakiita climat. Climat hizo za Burgundy ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2015.

Lebo inakuambia ngazi, kutoka ya chini hadi ya juu: mvinyo wa eneo zima (Bourgogne), wa kijiji, wa Premier Cru na wa Grand Cru. Ngazi hiyo ndiyo kipimo cha kwanza cha muda wa kusubiri. Bourgogne ya kawaida inyweni ndani ya miaka 2 hadi 4. Ya kijiji, kama Meursault isiyotaja shamba, hufika vizuri kati ya miaka 4 na 7. Premier Cru, mfano Meursault Perrières au Puligny Les Pucelles, huanza kusema kuanzia mwaka wa 6 na huenda hadi wa 12. Grand Cru, yaani Montrachet na jirani zake, Corton-Charlemagne, au mashamba saba ya Chablis kama Les Clos na Valmur, inahitaji miaka 8 na inaweza kufika 20. Hizi ni hesabu za chupa iliyotunzwa kwenye baridi tulivu tangu ilipotoka kwa mtengenezaji. Chupa iliyopita kwenye joto haina hesabu.

Namna unavyotengenezwa ndiko ladha ya uzeeni inakoanzia. Côte de Beaune juisi huchachuka ndani ya mapipa ya mwaloni ya lita 228. Baada ya hapo bakteria hugeuza asidi ya maliki, ile kali ya tufaha bichi, kuwa asidi ya laktiki, ile laini ya maziwa ya mgando. Kisha mvinyo hukaa juu ya mashapo ya hamira iliyokufa kwa miezi kumi na zaidi. Mashapo hayo hunyonya oksijeni na kuupa mvinyo unono. Chablis wengi hutumia matangi ya chuma au mapipa makuukuu, na ndiyo maana Chablis ya miaka kumi huwa na harufu ya uyoga, nta na chumvi ya bahari zaidi ya mkate uliochomwa.

Miaka inaufanya nini

Mvinyo mwekundu hulindwa na tanini, vile viambata vya ganda la zabibu vinavyokausha mdomo. Mweupe karibu hauna, na ulinzi wake ni asidi, dioksidi ya salfa aliyoitia mtengenezaji, na viambata vilivyoachwa na hamira. Kizibo hupitisha oksijeni kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na kila inapopita, salfa iliyo huru hupungua. Salfa ikiwepo, mabadiliko yanakwenda polepole na kwa mpangilio. Ikiisha, oksijeni inaugeukia mvinyo wenyewe.

Hadi mwaka wa tatu utakuta limau, tufaha la kijani, peasi, siagi na vanila ya pipa. Rangi ni njano hafifu yenye ukijani pembeni. Wengine hunukia kiberiti kilichozimwa sasa hivi au jiwe la gumegume lililogongwa. Harufu hiyo hutokana na misombo ya salfa inayozaliwa wakati wa uchachushaji, na kwa watengenezaji wengi wa Meursault na Puligny ni kusudi.

Kati ya mwaka wa nne na wa sita mingi ya Premier Cru na Grand Cru hujifunga. Matunda ya ujana yameanza kuvunjika, harufu za ukomavu hazijajengeka, na mdomoni unabaki asidi na pipa tu. Huu ndio wakati mbaya kuliko yote wa kufungua Grand Cru, na ni wakati ambao watu huandika kwamba mvinyo fulani umewavunja moyo. Vuta subira.

Kuanzia mwaka wa saba au wa nane mlango hufunguka. Limau bichi huwa limau la kuchovya kwenye sukari, peasi huwa peasi iliyopikwa, kisha huingia lozi, korosho zilizokaangwa, asali, mkate uliochomwa. Pipa halionekani tena kama pipa, maana limeyeyukia ndani ya vingine vyote. Rangi ni dhahabu inayong'aa. Kwa mwonjaji, kipindi hiki ndicho chenye utajiri mkubwa kuliko vyote, kwa sababu tunda na uzee vipo pamoja kwenye glasi moja.

Baada ya miaka 15 hadi 20, chupa zilizobaki hai huleta uyoga, nta ya nyuki, majani makavu ya chai, aprikoti iliyokaushwa na tangawizi. Mwili unapungua, asidi inaonekana zaidi. Kuna wanaoipenda hali hii kuliko nyingine zote. Mtazamo wetu ni kwamba ni chupa chache sana zinazolipa subira hiyo, na anayeanza afungue mapema kidogo kuliko kuchelewa.

Kuharibika kabla ya umri

Mvinyo wa mavuno ya 1995 na 1996 ulipoanza kufunguliwa, kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, wanunuzi waligundua kwamba chupa nyingi zilizotakiwa kuishi miaka 15 zilikuwa zimekwisha baada ya sita au saba. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na huenda zilishirikiana. Vizibo vya wakati ule vilioshwa na kupakwa mafuta ya kulainisha kwa njia mpya, na vingine vilipitisha hewa kuliko vingine. Mashinikizo ya kisasa yanayokamua kwa upole hutoa juisi safi mno. Yale ya zamani yalikamua kwa nguvu, juisi ikawa kahawia kabla ya kuchachuka, na vitu vinavyoshambuliwa na oksijeni vikazama chini mapema na kuachwa kwenye mashapo. Watengenezaji walipunguza salfa. Walikoroga mashapo mara nyingi kupita kiasi. Zabibu zilivunwa zikiwa zimeiva zaidi, asidi ikiwa chini.

Kwa kuwa chupa za kasha moja huharibika kwa viwango tofauti, kizibo hakikwepi lawama: juisi ni ileile, kinachotofautiana kati ya chupa na chupa ni kile kilichoifunga. Ndiyo maana baadhi ya majumba makubwa, yakiwemo Louis Jadot na Domaine Leflaive, yalihamia vizibo vya DIAM. Hivyo hutengenezwa kwa punje za koki zilizosafishwa na kuunganishwa, na vyote hupitisha hewa kwa kiwango kinacholingana. Ukiwa dukani unachagua kati ya chupa mbili za kuweka miaka kumi, uliza kizibo chake ni cha aina gani. Ni swali la maana kuliko swali la alama alizopewa na wahakiki.

Fundisha pua kabla ya kufungua chupa

Hii ni kazi ya nusu saa na haihitaji mvinyo. Andaa vikombe sita vidogo, vifunike kwa sahani, kisha nusa kimoja baada ya kingine, rudia kwa mpangilio mwingine, halafu mwambie mtu akupangie bila wewe kuona.

Kikombe cha kwanza ni uwatu. Ponda kijiko kimoja cha chai cha mbegu, mimina mililita 50 za maji moto, funika dakika 10. Kinachonukia hapo zaidi ni kiambata kinachoitwa sotoloni, na sotoloni hiyohiyo ndiyo inayojitokeza kwenye mvinyo mweupe uliooksidika. Vitabu vya Ulaya husema harufu ya mchuzi wa binzari, lakini aliyekulia pwani anaijua yenyewe hasa, bila kupita kwenye mchuzi. Hapa msomaji wa Kiswahili ana pua iliyokwisha funzwa, aitumie.

Kikombe cha pili ni tufaha lililokatwa, likapondwa kwa uma na kuachwa wazi saa moja hadi liwe kahawia: hiyo ni harufu ya asetaldehidi, dalili nyingine ya hewa. Cha tatu, korosho zilizokaangwa kavu hadi zibadilike rangi, kisha zikasagwa zikiwa za moto. Cha nne, kipande cha sega la asali, nta na asali pamoja. Cha tano, uyoga mbichi uliokatwa vipande. Cha sita, kipande cha boksi la kadibodi kilicholowekwa na kufungiwa kwenye chombo saa mbili, kwa ajili ya ugonjwa wa kizibo, yaani kizibo kibovu kinachoupa mvinyo harufu ya ukungu. Mwisho washa njiti ya kiberiti, izime, nusa moshi wake kwa mbali.

Gawa harufu hizo kichwani: korosho, asali, nta na uyoga ni upande wa ukomavu. Uwatu na tufaha lililopondeka ni upande wa uharibifu. Kadibodi ni ugonjwa wa kizibo, hauhusiani na umri. Kiberiti ni ujana, au mvinyo uliofungwa bila hewa ya kutosha.

Sotoloni si sumu, na si kasoro kila mahali. Katika vin jaune (mvinyo wa njano) ya Jura, jirani wa mashariki wa Burgundy, ndiyo sifa inayotafutwa, na mvinyo ule hukaa miaka sita hivi kwenye pipa, sehemu kubwa ya muda huo chini ya utando wa hamira, ili kuipata. Kwenye Meursault ya miaka saba maana yake ni nyingine kabisa.

Chupa za kuanzia

Usianze na Montrachet. Shamba lenyewe lina hekta nane tu na bei yake haimpi mtu utulivu wa kuonja. Anza na Chablis Premier Cru, mfano Montée de Tonnerre, Vaillons au Montmains, yenye umri wa miaka 6 hadi 9. Ni shule nzuri, kwa sababu pipa halifichi kitu. Ukitaka Côte de Beaune kwa bei nafuu, Saint-Aubin iko nyuma tu ya Puligny na Chassagne, na mashamba yake ya juu huzeeka vizuri.

Namna bora ya kujifunza ni chupa tatu za kijiji kimoja, na ikiwezekana za mtengenezaji mmoja: moja ya miaka 3, moja ya miaka 7 au 8, moja ya miaka 12 au zaidi. Kwa miaka ya mavuno, 2010, 2014 na 2017 ina sifa nzuri kwa mvinyo mweupe, 2014 hasa kwa asidi yake safi. 2003 ulikuwa mwaka wa joto kali, na mivinyo yake mingi ilichoka mapema.

Chupa nzee uikague kabla ya kulipa. Ishike wima, pima kwa rula nafasi kati ya kizibo na mvinyo. Chini ya sentimita 2 ni salama kwa umri wowote, sentimita 3 inavumilika kwa chupa ya miaka 20, na zaidi ya 4 achana nayo. Angalia kama kizibo kimesukuma foili juu, au kuna michirizi ya kunata shingoni: hizo ni alama za joto. Kioo cha chupa za Burgundy kina rangi ya jani kavu na si kizito, kwa hiyo ukizipanga chupa za kasha moja mbele ya dirisha utaona tofauti za rangi. Ile iliyokolea kuliko wenzake ndiyo ya kufunguliwa kwanza.

Kuandaa meza

Glasi ziwe na tumbo pana na mdomo unaobana kidogo, moja kwa kila mvinyo. Zioshe kwa maji moto bila sabuni yenye manukato, na zinuse zikiwa tupu, maana glasi iliyotoka kabatini hubeba harufu ya mbao. Mtu asijipake marashi, na uvumba usifukizwe chumbani siku hiyo.

Halijoto ya kuonjea ni nyuzi 11 hadi 13. Mvinyo wa nyuzi 5 uliotoka friji ya kawaida hauna harufu, umebaki asidi tu, na makosa yote yanajificha. Ukipita nyuzi 16 alkoholi inapanda juu na tunda linalegea. Chumba cha nyuzi 30, kama cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, hupasha chupa haraka: kutoka nyuzi 5 hadi 12 ni kama dakika 20 tu, na kwenye glasi ni dakika chache mno. Tumia kipimajoto cha jikoni. Mimina kidogo, sentilita 5 kwa glasi, ongeza pale tu iliyopo inapokwisha, na chupa irudi kwenye ndoo ya maji yenye vipande vichache vya barafu. Usiijaze ndoo barafu tupu, utaua harufu tena.

Isimamishe chupa wima siku moja kabla. Ukiona fuwele ndogo kama sukari chini ya chupa au kwenye kizibo, ni chumvi za asidi ya tartariki, hazina madhara na hazina ladha.

Kutoa kizibo kizee

Hapa ndipo chupa nyingi hupata fujo isiyo ya lazima. Kizibo cha miaka 15 kimelainika chini na kukauka juu, na kizibuo cha kawaida cha skurubu hukitoboa katikati na kukipasua. Tafuta kizibuo cha ndimi mbili, chenye vibati viwili vyembamba badala ya skurubu. Kata foili chini ya ukingo wa pili wa shingo, si juu, ili mvinyo usiguse chuma. Futa mdomo kwa kitambaa chenye unyevu, hata kama kuna ukungu mweusi, ambao ni ishara ya stoo yenye unyevu mzuri tu. Chomeka ulimi mrefu kwanza kati ya kizibo na kioo, upande wa pili uchomeke ule mfupi. Sukuma chini kwa kuyumbisha: kulia kidogo, kushoto kidogo, usikandamize wima, la sivyo kizibo kinatumbukia. Mpini ukigusa mdomo wa chupa, zungusha taratibu huku ukivuta. Utakisikia kinavyoachia kioo, halafu kinapanda kizima.

Kikikatika, kilichobaki kidungwe kwa mshazari na kivutwe kuelekea ukutani mwa shingo. Kikiingia ndani, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichooshwa kwa maji matupu, usitumie karatasi ya kuchujia kahawa kwani huacha ladha.

Kiangalie kizibo kwa upande. Unyevu ukiwa umepanda theluthi moja, vizuri. Mchirizi uliofika juu kabisa unamaanisha mvinyo ulipata njia ya kutoka, na hewa ikapata njia ya kuingia. Onja ukiwa na wasiwasi.

Kuhusu kumimina kwenye jagi la kupumulia: mvinyo mchanga wenye kiberiti kikali unafaidika nalo, dakika 30 hadi 60. Wenye zaidi ya miaka 12 usiuguse. Ufungue dakika 20 kabla, mimina kidogo, uachie kazi iliyobaki glasi.

Kuonja kwenyewe

Mimina zote tatu kwa pamoja, zipange kutoka changa hadi nzee. Nusa nzee kwanza, kwa sababu harufu yake ndiyo inayoweza kutoweka mapema, lakini onja kuanzia changa. (Kwenye vyumba vya chini vya Burgundy utakuta wengi wanaonjesha wekundu kabla ya weupe. Wana sababu: asidi na chumvi ya mweupe mzuri hufanya mwekundu mwepesi uonekane mkavu.)

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya njano inadanganya. Tazama ung'avu kabla ya kina cha rangi. Dhahabu iliyokolea inayong'aa kwenye mvinyo wa miaka 12 ni kawaida. Dhahabu hiyohiyo kwenye mvinyo wa miaka 5 ni onyo, ingawa si hukumu, na rangi iliyofifia kama vumbi limeingia, yenye kahawia pembeni, ni onyo kubwa zaidi.

Nusa bila kuzungusha, pumzi moja fupi. Andika neno la kwanza linalokuja, hata kama ni la ovyo. Kisha zungusha mara tatu nne, nusa tena. Kisha weka glasi chini.

Kuanzia hapa saa ndiyo kipimo. Rudi kwenye kila glasi dakika ya 10, ya 30 na ya 60, kila mara ukiandika mstari mmoja. Mvinyo wa aina hii hauhukumiwi kwa pumzi ya kwanza, na atakayefuata hatua hii peke yake kati ya zote za mwongozo huu atakuwa amepata sehemu kubwa ya faida. Uliofungwa na kiberiti hufunguka: moshi unapungua, limau na lozi vinatokea. Uliooksidika huzidi: kilichokuwa asali ya kuvutia dakika ya 1 kinakuwa uwatu dakika ya 10, na tufaha bovu dakika ya 30. Wenye ugonjwa wa kizibo nao huzidi, kadibodi ikikua na tunda likinyamaza. Uliokomaa sawasawa hubadilika bila kuanguka: korosho, kisha uyoga, kisha limau linarudi, na katikati yote hayo bado kuna kitu kibichi kilicho hai.

Mdomoni chukua kama mililita 10, vuta hewa kidogo juu yake, usambaze ulimini kwa sekunde nane hivi, tema kwenye ndoo nyingine. Hesabu sekunde ambazo ladha inabaki baada ya kutema. Wafaransa huita kila sekunde kaudali moja. Mvinyo wa kijiji unaojiheshimu hufika 5 au 6, Premier Cru njema 8 hadi 10, Grand Cru iliyokomaa hupita 12.

Usihesabu uchungu wala ukali wa alkoholi, hesabu ladha tu. Hapa ndipo mvinyo uliooksidika hujitoa: huanza kwa unono mkubwa, kisha katikati kuna shimo, unabaki ukavu na uchungu wa ganda la jozi. Uliokomaa una mstari mmoja usiokatika kutoka mwanzo hadi mwisho, na asidi hukufanya mate yakujae.

Shaka ikibaki, jiulize: je, ndani yake kuna tunda lolote? Liwe limepikwa, limekaushwa, au limechovywa kwenye sukari, haidhuru. Likiwepo pamoja na asidi hai, alama chache za hewa kwenye chupa ya miaka 18 zinasameheka. Lisipokuwepo, chupa imekwisha, hata kama lebo yake ni tukufu.

Kuna kasoro nyingine mbili za kuzijua kwa jina. Harufu ya siki au ya rangi ya kucha ni kazi ya bakteria, na ikiwa kali haitoki. Harufu ya jamu na zabibu kavu, kizibo kikiwa kimesogea, ni joto la safari au la stoo.

Chakula

Mvinyo uliokomaa unataka chakula chenye mafuta laini na viungo vichache. Kuku wa kuoka, uyoga kwenye siagi, jibini ya Comté iliyokaa mwaka mmoja na zaidi. Kwa wa pwani, kambakoche au changu wa kuoka kwa siagi na limau kidogo ni chaguo la heshima. Pilipili, ukwaju na nazi nzito vitaufunika wote, hivyo viwe siku ya mvinyo mchanga.

Kuzitunza kwenye nchi ya joto

Nyuzi 12 hadi 13 zisizoyumba, unyevu wa hewa kama asilimia 70, giza, chupa zikiwa zimelala. Nyumba ya pwani haina kona ya namna hiyo, hata chini ya ngazi. Mwendo wa kuzeeka huongezeka karibu mara mbili kwa kila nyuzi 10, na si kwamba mvinyo unawahi tu kufika palepale: joto hulegeza kizibo na kuleta ladha za kupikwa ambazo umri wa kawaida hauleti. Ukitaka kuweka chupa zaidi ya miezi michache, nunua friji ya mvinyo na uiweke chumba chenye kivuli. Ijaze: chupa zilizojaa hushika baridi umeme ukikatika, mradi mlango usifunguliwe. Friji ya kawaida inafaa kwa wiki chache tu, kwa kuwa hewa yake kavu hukausha kizibo na mtetemo wake haupumziki.

Unaponunua Nairobi au Dar, uliza mzigo umekuja kwa kontena la ubaridi au la. Muuzaji asiyejua jibu, nunua kwake mvinyo wa kunywa wiki hii.

Kilichobaki kwenye chupa

Rudisha kizibo, weka kwenye friji, onja tena kesho yake jioni kwa halijoto ileile. Ukikuta asidi bado iko macho na lozi bado zinanukia, chupa zilizobaki za kasha hilo zinaweza kusubiri miaka miwili au mitatu. Ukikuta umeanguka kwa usiku mmoja, ukawa bapa na wenye harufu ya uwatu, andika tarehe kwenye kasha na zinyweni zilizobaki mwaka huu, mkianza na ile yenye rangi iliyokolea zaidi.